Majina ya dinosaria kinywani mwa mtoto wa Lubumbashi
Hotuba kwa walimu wa shule za msingi na wazazi, Lubumbashi

Bapapa na bamama, walimu, na ninyi watoto mlioketi mbele, hamjambo.

Ubaoni pana majina matatu: Mnyamawamtuka, Shingopana, Asilisaurus. Yote matatu ni majina rasmi ya kisayansi. Yanaandikwa hivyo hivyo Paris, Beijing na Buenos Aires, na profesa wa huko hujikwaa kwayo, ilhali mtoto wa Katuba au wa Ruashi anayasoma mara moja bila kufundishwa. Mnyamawamtuka ni mnyama wa Mtuka, mkondo wa maji wa kusini-magharibi mwa Tanzania ambako mifupa yake ilipatikana. Jina lilitangazwa mwaka 2019. Kila aina ya mnyama hupewa majina mawili ya kisayansi, na jina lake la pili huyu ni moyowamkia, kwa sababu pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Shingopana alipewa jina mwaka 2017, naye ni wa pande hizo hizo, eneo la Songwe. Mifupa ya shingo yake imetanuka. Asilisaurus ni wa mwaka 2010, na jina lake la pili ni kongwe. Huyu wa mwisho si dinosaria kamili. Ni ndugu wa karibu, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita.

Walimu, pendekezo langu ni kwamba muanzie hapo, msianze na Tyrannosaurus. Vitabu karibu vyote huanza na Tyrannosaurus kwa sababu ni maarufu, na mtoto anajifunza kwamba jina la dinosaria ni sauti ngumu ya kukariri. Akianza na Mnyamawamtuka, anagundua mwenyewe, katika dakika tano za kwanza, kwamba jina la dinosaria ni maelezo yaliyobanwa pamoja bila nafasi kati ya maneno. Hilo likishaingia, majina ya Kigiriki na Kilatini yanakuwa kazi ya kufumua tu.

Wenye babu na bibi wanaosema Kibemba nawaongezea moja. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, katika bonde la Luangwa, kuna mnyama wa ukoo wa Asilisaurus aliyepewa jina mwaka 2013: Lutungutali. Ni Kibemba, lutungu na tali, nyonga ndefu. Mfupa wake wa nyonga umeinuka juu. Mtoto wa Lubumbashi akipeleka jina hilo nyumbani, bibi yake atalieleza kabla ya mwalimu.

Sasa tuje kwenye matamshi, maana hapo ndipo fujo ilipo. Mtoto wetu anakutana na jina moja kwa sauti tatu. Kitabu cha shule ni cha Kifaransa: kinaandika tyrannosaure, na mtoto husoma "tiranozor", mkia umekatwa na s imegeuka z. Katuni ya kwenye simu ni ya Kiingereza, inasema kitu kama "tairanosoras". Halafu jina la kisayansi lenyewe ni Tyrannosaurus. Nani amekosea? Hakuna. Kanuni za kimataifa za kutaja wanyama zinasimamia tahajia, herufi kwa herufi, lakini hazisemi lolote kuhusu matamshi. Kwa hiyo msimchape mtoto kwa sababu ya "tiranozor". Mwambieni tu kwamba ametamka jina la Kifaransa, na ubaoni pana jina la dunia nzima, linalosomwa hadi mwisho wake.

Na kulisoma hadi mwisho, Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha zote mbili tulizozitaja. Irabu za Kilatini, a, e, i, o, u, zinakaa karibu sana na zetu. Mtoto azisome kama anavyosoma "kalamu" na "embe". Kifaransa kinamfundisha kuchongoa midomo kwa u, na Kiingereza kinamfanyia i kuwa "ai"; hapa aviweke pembeni vyote viwili. Zinabaki konsonanti chache tu za kufundisha, na mwalimu anaweza kuzimaliza katika kipindi kimoja.

Herufi c mbele ya a, o, u, au mbele ya konsonanti, ni k. Mbele ya e na i tunasoma s, kama mtoto alivyozoea katika Kifaransa. Waroma wa kale walisema k kila mahali, lakini hakuna haja ya kumbebesha mtoto hilo. Ph ni f. Y ni i. X mwishoni ni ks. Konsonanti mbili zinazofanana husomwa kama moja. Ae husomwa e. Th isomwe t. Watoto wengi hapa hawatumii th ya pwani, na t haina kosa lolote, kwani hata th ya Kigiriki cha kale ilikuwa t yenye pumzi.

Herufi inayosumbua kweli ni ch. Mtoto wetu ana mitego miwili kwa wakati mmoja. Kiswahili kinamwambia ch ya "chai", Kifaransa kinamwambia sh ya chat. Akiona Brachiosaurus atasema "brachiosaurus" au "brashiosaurus". Ni k: bra-ki-o-SAU-rus. Wafaransa wenyewe husema k hapo, kwa sababu neno ni la Kigiriki. Njia ya kumwondolea mtego ni kumkumbusha maneno ambayo anayajua tayari: chorale, kwaya ya kanisani, na Christ. Mtoto anayeimba kwaya haulizi tena.

Pt na ps mwanzoni mwa neno ni suala la hiari. Kifaransa hutamka zote mbili, Kiingereza humeza ya kwanza. Kwa kinywa cha Kiswahili ni afadhali kumeza, vinginevyo mtoto ataingiza irabu na kusema "piteranodon". Basi Pteranodon ni te-RA-no-don, na Psittacosaurus, mjusi kasuku, ni si-ta-ko-SAU-rus. Katikati ya neno p inarudi: Archaeopteryx ni ar-ke-OP-te-riks.

Kuna kosa moja linalotoka kwenye Kiswahili chenyewe, na hili walimu wengi hawalioni kwa sababu nao wanalifanya. Sisi hatupendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo tunaongeza i: "tiranosaurusi". Katika mazungumzo ya kawaida si dhambi. Lakini Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza i, mkazo unahama: unatoka SAU unakwenda RU. Mtoto anasema "tiranosauRUsi", na mtu wa nje hatambui jina. Mfundisheni kufunga mdomo kwenye s na kuacha hapo. Pia sau ni pigo moja, si sa-u mapigo mawili. Akifanya hayo mawili, mkazo unajikalia wenyewe mahali pake, maana majina yote ya -saurus yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Hilo ni kundi kubwa kuliko yote.

Yasiyoishia -saurus ndiyo yanayohitaji kukumbukwa moja moja. Mengi mkazo wake hurudi nyuma hatua moja zaidi:

Triceratops: tri-SE-ra-tops
Diplodocus: di-PLO-do-kus
Iguanodon: i-GWA-no-don
Deinonychus: dei-NO-ni-kus
Parasaurolophus: pa-ra-sau-RO-lo-fus

Velociraptor hayumo humo, ni ve-lo-si-RAP-tor.

Kuhusu jina refu, msianzie kichwani. Anzieni mkiani. Chukueni Pachycephalosaurus. Mwalimu aseme "rus", darasa liitike. Kisha "saurus", kisha "losaurus", "falosaurus", "sefalosaurus", "kisefalosaurus", na mwisho "pakisefalosaurus". Ukianzia mwanzo, mtoto anakwenda kutoka anachokijua hadi asichokijua, na pumzi inamwishia pale pale palipo pagumu. Ukianzia mwisho, kila mara anatua kwenye kile ambacho ameshakizoea. Silabi saba zinaingia kwa pumzi chache. Likishaingia hilo, mpe Micropachycephalosaurus, wa China, aliyepewa jina mwaka 1978: herufi 23, na mtoto anaongeza "mikro" tu mbele. Ukitaka kuwachekesha, andika pembeni yake Yi qi, pia wa China, wa mwaka 2015, herufi nne kwa majina yote mawili. Huyo husomwa "i chi", Kichina, maana yake bawa la ajabu. Jina lililotoka katika lugha hai husomwa kwa kanuni za lugha hiyo, ndiyo maana Mnyamawamtuka hasomwi kwa kanuni za Kilatini.

Nimesema kufumua. Kuna kukata kwa aina mbili, na darasani vinachanganywa kila siku. Kuna kukata kwa kinywa, yaani silabi, na kuna kukata kwa maana. Triceratops kwa kinywa ni tri-ce-ra-tops. Kwa maana ni tri, cerat, ops: tatu, pembe, uso. Uso wenye pembe tatu. Mtoto aliyekatiwa kwa silabi atauliza "tops" ni nini, na mwalimu atabuni jibu. Basi tumieni alama mbili tofauti ubaoni: kistari kifupi kwa silabi, mstari wa wima wenye rangi kwa maana. Kamwe msitumie alama moja kwa vyote.

Kwa maana, Kifaransa cha shuleni, kilichotutatiza katika matamshi, kinalipa deni lake. Watoto wetu wanayajua mafundo ya Kigiriki, yaani vipande vya neno vyenye maana, bila kujua kwamba wanayajua. Rhinocéros: rhino ni pua, céros ni pembe, na pembe hiyo ndiyo cerat ya Triceratops. Hélicoptère: watu hukata "heli" na "kopta", lakini viungo vyake ni helico na pter, msokoto na bawa, na pter hiyo ndiyo ya Pteranodon, bawa lisilo na meno. Pachyderme, jina ambalo vitabu humpa tembo: pachy ni nene, derme ni ngozi. Na vélo! Vélo ni kifupi cha vélocipède, mguu wenye kasi. Velociraptor ni mnyang'anyi mwenye kasi. Mtoto anayepanda velo kwenda shule amekalia nusu ya jina la Velociraptor. Mwambieni pia kwamba huyo Velociraptor wa kweli, wa Mongolia, aliyepewa jina mwaka 1924, alikuwa na ukubwa wa bata mzinga na alikuwa na manyoya, tofauti na yule wa sinema.

Katika kutafsiri maana kwa Kiswahili tahadhari inahitajika, na hapa tafsiri za haraka zinaharibu. Stegosaurus hutafsiriwa "mjusi paa". Mtoto wa mjini akisikia mjusi na paa anamwaza yule mdogo anayetembea darini akila mbu. Wa kijijini anaweza kumfikiria paa wa porini. Mtaalamu Mmarekani Othniel Marsh alipotoa jina hilo mwaka 1877 alidhani vile vibamba vikubwa vya mfupa vililala mgongoni kama vigae. Basi semeni "mjusi aliyeezekwa". Mtoto anaona nyumba inayoezekwa, na ndicho Marsh alichokiona. Pachycephalosaurus msimwite "kichwa ngumu", darasa zima litamgeukia mtoto mmoja na kucheka. Ni mjusi mwenye kichwa kinene. Utosi wake ulikuwa mfupa mtupu, unene wake ukifika hadi sentimita 25. Ankylosaurus ni mjusi wa mifupa iliyogandamana. Diplodocus ni boriti maradufu, na boriti hiyo ni mifupa midogo iliyo chini ya mkia. Tyrannosaurus rex, wa mwaka 1905, ni mjusi dhalimu, mfalme.

Na neno saurus lenyewe? Ni mjusi, naam, lakini waelezeni watoto mapema kwamba dinosaria si mijusi. Mtaalamu Mwingereza Richard Owen aliunda neno Dinosauria mwaka 1842 kwa deinos na sauros, mjusi wa kutisha kwa ukubwa, wakati ambapo wataalamu walikuwa na mifupa michache mikononi. Wazao wa dinosaria walio hai leo ni ndege. Jina halibadilishwi kwa sababu tu maana yake imekuwa si kweli. Basilosaurus, mjusi mfalme, ni nyangumi wa kale. Oviraptor, mwizi wa mayai, alipewa jina hilo mwaka 1924 kwa sababu mifupa yake ilikutwa juu ya mayai. Mwaka 1993 likapatikana yai la aina hiyo hiyo lenye kijusi ndani, na kijusi kilikuwa cha ukoo wa Oviraptor. Alikuwa juu ya kiota chake. Jina la mwizi limebaki naye hadi leo, na watoto hukasirika kwa niaba yake. Acheni wakasirike, hawatamsahau.

Kinachoweza kubadilisha jina ni kanuni ya aliyetangulia. Jenasi ni lile jina la kwanza, la kundi la wanyama wa karibu, na jenasi mbili za wanyama haziwezi kuwa na jina moja. Mwaka 1908 Mjerumani Eberhard Fraas alitoa jina Gigantosaurus kwa mifupa ya Tendaguru, kusini mwa Tanzania, karibu na Lindi. Jina hilo lilikuwa limeshatumiwa na Mwingereza mwaka 1869, likaanguka; mnyama sasa anaitwa Tornieria. Msimchanganye na Giganotosaurus wa Argentina wa mwaka 1995: huyo hana t kabla ya o ya kwanza. Ni giga, noto, saurus, jitu la mjusi wa kusini. Hata vitabu vilivyochapwa huikosea hiyo, kwa hiyo mwalimu akague herufi kabla ya kunakili ubaoni. Herufi moja inatosha kutenganisha wanyama. Kentrosaurus wa Tendaguru, wa mwaka 1915, ana miiba mgongoni na mkiani. Centrosaurus wa Kanada, wa mwaka 1904, ana pembe puani. Neno la Kigiriki ni lile lile, kentron, mwiba au ncha, ila mmoja ana K na mwingine C, na kanuni zinawakubali wote wawili.

Nisimame kidogo hapo Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba kilima hicho wakati wa ukoloni wa Kijerumani. Kutoka huko alipelekwa Giraffatitan, jitu twiga, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Waliochimba na kubeba mifupa hadi bandari ya Lindi walikuwa Waafrika, mamia yao. Majina yaliyotangulia yaliwatukuza maprofesa: Tornieria, Janenschia, na brancai, jina la pili la Giraffatitan. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo mnyama akaitwa Australodocus bohetii, boriti ya kusini, ya Boheti. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, watu wa eneo hilo, na Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji wake. Hapa mnapata sarufi ya bure ya kufundisha. Kwa kawaida jina la pili la Kilatini likiishia -i limetokana na mwanamume, -ae mwanamke, -ensis mahali. Kwa hiyo nigeriensis katika Ouranosaurus nigeriensis ni wa mahali, na mahali penyewe ni Niger, si Nigeria. Huyo Ouranosaurus, kwa njia, wenzetu waliosoma Kifaransa wanampatia bila shida, kwa kuwa mtaalamu Mfaransa aliandika ou kwa sauti ya u: u-ra-no-SAU-rus. Ourane ni jina la Watuareg kwa kenge.

Wasichana watauliza kama wote ni wanaume. Wajibuni kwa Maiasaura, ma-ya-SAU-ra, wa mwaka 1979, aliyepatikana Montana pamoja na viota vyake. Ni mjusi mama mwema, na mwisho wake ni -saura, umbo la kike.

Sasa kadi, maana bila vitu vya kushika haya yote yatapeperuka. Kwa darasa la watoto 50 gawanyeni makundi kumi ya watoto watano. Kila kundi lipate kadi 15. Kumi na mbili ziwe za mafundo: tri (tatu), penta (tano), mega (kubwa), micro (dogo), pachy (nene), cerat (pembe), cephal (kichwa), odon (jino), ops (uso), raptor (mnyang'anyi), mimus (mwigaji), saurus (mjusi). Tatu zilizobaki ziandikwe herufi o tu, kwa rangi nyekundu. Hiyo o haina maana yoyote, kazi yake ni kuunga fundo na fundo, na ikiandikwa kwa rangi yake mtoto haachi kuuliza, lakini anaacha kuitafutia tafsiri. Jumla ni kadi 150. Karatasi nene ya A4 iliyokatwa kwa upana inatoa vipande vinne vya urefu wa sentimita 21, kwa hiyo karatasi 38 zinatosha. Andikeni herufi ndogo zote; herufi kubwa ya mwanzo mtoto ataiweka mwenyewe anapoandika jina zima kwenye daftari. Maana iandikwe nyuma ya kadi, si mbele, la sivyo wanasoma Kiswahili na kuacha fundo.

Kwa kadi hizo kundi linaweza kujenga Triceratops, Pentaceratops, Ceratosaurus, Microraptor, Megaraptor, Pachycephalosaurus na yule mrefu wa China. Kundi moja litajenga "Megaosaurus" na kuuliza kwa nini kitabu kinaandika Megalosaurus, dinosaria wa kwanza kupewa jina la kisayansi, mwaka 1824. Jibu ni kwamba fundo hilo lina maumbo mawili katika Kigiriki, mega na megal. Na Pentaceratops, mwenye pembe tano, ana pembe za kweli tatu. Mbili ni mifupa ya mashavu iliyochomoza. Majina matano kwa kipindi yanatosha. Mwalimu anayetaka ishirini kwa siku moja atapata kelele nzuri ya kukariri, na Ijumaa hakuna atakayekumbuka.

Daftarini, jenasi huanza na herufi kubwa, jina la pili herufi ndogo, na yote mawili hupigiwa mstari chini, kwa sababu kwa mkono hatuwezi kulaza herufi kama mashine. Kifupi ni T. rex, nukta kisha nafasi. "T-Rex" yenye kistari na R kubwa ni ya matangazo ya biashara.

Swali moja mtaulizwa hapa Lubumbashi kuliko mahali pengine: je, chini ya migodi yetu wapo? Msijibu "huenda". Miamba ya shaba ya Katanga, na ile ya Kundelungu, ina zaidi ya miaka milioni 500. Iliumbwa kabla ya mnyama yeyote wa nchi kavu. Dinosaria wa kwanza wanaojulikana vizuri ni wa miaka kama milioni 230 iliyopita. Hata makaa ya mawe ya Luena na ya Lukuga upande wa Kalemie ni ya zama za Permia, bado mapema mno. Dinosaria kupatikana mgodini hutokea, lakini si katika mgodi wowote. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta Iguanodon kwa kina cha mita 322, mifupa ya wanyama zaidi ya thelathini, na wao pia hawakuwa ndani ya makaa. Walikuwa kwenye udongo wa baadaye sana uliojaza shimo lililobomoka kati ya tabaka za makaa. Iguanodon ni jino la iguana, mjusi mkubwa wa Amerika, na jina lake la pili sasa watoto wanaweza kulisoma na kulieleza bila msaada wangu: bernissartensis.

Kadi ziko kwenye meza ya kushoto, makundi ya watano watano. Walimu, mkae na watoto, msisimame nyuma. Tunaanza na kadi ya saurus.